Makaburi ya Mlangoni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza peke yangu, ya pili nikimsomea mama yako jikoni. Unasema mwenzako wa zamu hapo Tacoma ni mzaliwa wa Samoa ya Marekani, babake alilitumikia jeshi la Marekani, pasipoti yake ni ya Marekani, na bado yeye si raia wa Marekani. Ndani ya pasipoti imeandikwa kwamba ana utaifa wa Marekani lakini uraia hana. Nawe mwezi ujao unakwenda kula kiapo cha uraia, ndipo ukaniuliza: "Baba, wewe ulifika Pago Pago. Watu hawa wamedhulumiwa, au wenyewe ndio hawakutaka?"

Nilifika Pago Pago, naam, bandari ya visiwa hivyo vya Pasifiki. Ilikuwa 1986, kabla hujazaliwa, nikiwa msaidizi wa mpishi kwenye meli ya majokofu. Mashine iliharibika, kipuri kikasubiriwa kutoka Honolulu, tukakaa siku 11. Miaka sita niliyopitapita bandari za Ulaya siikumbuki kama ninavyozikumbuka siku zile 11.

Harufu ilitupokea kabla ya rubani wa bandari. Wakati huo palikuwa na viwanda viwili vya kutia jodari mikebeni, vyote pembezoni mwa bandari, na upepo ukivuma kutoka huko unajua umefika. Bandari yenyewe ni shimo la volkano lililobomoka upande mmoja, bahari ikaingia mpaka ikakaribia kukikata kisiwa cha Tutuila vipande viwili. Milima inasimama wima pande zote, kijani tupu, na mmoja unaoitwa Pioa unayashika mawingu ukayakamua juu ya kichwa chako asubuhi na jioni. Sijaona mvua kama ile, hata masika yetu. Ukijumlisha visiwa vyao vyote vya milima, Tutuila, Aunu'u, Ofu, Olosega na Ta'u, na vile viwili vya matumbawe, hupati zaidi ya kilomita za mraba 200. Unguja peke yake ni karibu mara nane yake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 49,710, na ile ya 2010 ilikuwa 55,519. Wanapungua, na hilo nitalirudia.

Sasa hapo ndipo ninapotaka unisikilize, maana wewe umeniuliza uraia, na mimi nitakujibu ardhi.

Marekani iliitaka ile bandari kwa meli zake za kivita, mahali pa kujaza makaa ya mawe katikati ya bahari isiyo na mwisho. Mwaka 1899 ikagawana visiwa vya Samoa na Wajerumani. Upande wa magharibi, uliokuwa wa Wajerumani, ndio leo nchi huru ya Samoa. Upande wa mashariki, machifu wa Tutuila walitia saini tarehe 17 Aprili 1900, na wale wa Manu'a, yaani Ofu, Olosega na Ta'u, 1904. Bunge la Washington halikujishughulisha kuukubali mkataba mpaka 1929. Lakini ndani ya karatasi ile ya 1900 wazee walihakikisha limeandikwa neno: haki za watu juu ya ardhi zao zitaheshimiwa. Wale hawakuwa na bunduki za kutosha wala meli, ila walijua cha kushika. Serikali ya jeshi la majini ikaja ikakaa hadi 1951, magavana wakateuliwa na Washington mpaka 1977 walipomchagua wenyewe kwa kura, na muda wote huo ardhi ikabaki ya ukoo.

Ukoo wao wanauita aiga. Kila aiga ina matai, mkuu aliyechaguliwa na ukoo wenyewe, naye ndiye mwangalizi wa ardhi, haimiliki. Hawezi kuiuza kama anavyouza mtu ng'ombe. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za ardhi yote ziko hivyo, na sheria inamzuia mtu asiye na angalau nusu ya damu ya Kisamoa kumilikishwa. Hata bungeni kwao, linaloitwa Fono, maseneta 18 hawapigiwi kura ya wote, wanateuliwa kwa mila miongoni mwa matai. Baraza la chini ndilo la kura.

Nilivyoyajua haya si kwa kusoma. Siku ya nne nilipanda basi lao, pikapu iliyojengewa kibanda cha mbao, muziki juu kama matatu za Likoni. Wanaliita basi la aiga. Ukitaka kushuka unagonga dari. Nikashuka Aua, kijiji cha ng'ambo ya bandari chini ya Pioa, natembea zangu jua likizama, mara nikasikia kengele. Haikuwa kengele, ulikuwa mtungi mtupu wa gesi umetundikwa mtini, kijana anaupiga kwa chuma. Wanaume wawili wamevaa lavalava, yaani kikoi hasa, namna ile ile tunayojifunga sisi, wakanizuia barabarani. Hawakunikaripia. Mmoja akaweka kidole mdomoni, akanionyesha niketi. Ulikuwa wakati wa sala ya jioni, na kijijini hakuna anayetembea wakati huo mpaka ipigwe kengele ya mwisho.

Nikaketi ukingoni mwa nyumba ya mzee mmoja. Nyumba zao za asili hazina kuta, ni nguzo na paa, kwa hiyo niliwaona wote ndani wakiimba nyimbo za kanisa, watoto kwa wazee, sauti zimepangana. Nami nikaangalia mbingu, nikajua Maghrib imeingia. Walipomaliza, yule mzee akanikuta nimetandaza shati langu nikitafuta pa kuelekea. Akaniuliza kwa ishara, nikamjibu kwa ishara. Akaingia ndani akanitolea mkeka mpya. Akaketi pembeni kimya mpaka nilipotoa salamu.

Kisha chakula. Mwanangu, walinipa shelisheli iliyochomwa kwenye mawe ya moto, na majani machanga ya majimbi yaliyofungwa na tui zito ndani yake. Nilishindwa kuongea. Hicho ni chakula cha bibi yako cha Takaungu, nakila upande wa pili wa dunia, kwa mkono, nimekaa mkekani.

Na mlangoni kwao, hatua tatu kutoka nilipokula, yalikuwa makaburi. Matatu, yamepakwa chokaa, moja limejengewa paa dogo, na mtoto ameegemea akifanya kazi zake za shule. Mjukuu aliyejua Kiingereza akaniambia ni babu na bibi wa yule mzee, na mkewe. Nikauliza kwa nini hapa, si makaburini. Mzee akacheka, akasema maneno ambayo yule kijana alinitafsiria hivi: wakiwa hapa, nani ataweza kutuhamisha?

Tangu mko wadogo nawaambieni: kwenu ni pale walipolala wakubwa wenu. Mlikuwa mkidhani nimelitoa kwa babu. Nililitoa Aua.

Na mwenye kulisema hilo ndiye aliyeuza ardhi yetu ya Takaungu. Unaijua hadithi, au unaijua nusu. Ile 2003, ada yako na ya nduguyo, na dawa za mama yako, zote mwezi mmoja. Ami yako alikuwa tayari ameshakubali bei. Nilitia saini. Mnunuzi aliahidi makaburi yatabaki wazi, na kwa kweli hakuyavunja. Alijenga tu ukuta. Mwaka uliofuata nilikwenda kumsomea bibi yako Yasin, nikakuta geti, na askari kijana, hana kosa lolote, akanipa daftari. Jina. Nambari ya kitambulisho. Anakotoka. Sababu ya kuja. Niliishika kalamu ile muda mrefu. Kwenye "anakotoka" niliandika Mombasa, na mkono ulitaka kuandika hapa hapa. Kwenye sababu niliandika: kumzuru mama.

Kwa hiyo ukiniuliza kama watu wale wamedhulumiwa, macho yangu yanaona kwanza mlango ule usio na daftari.

Lakini ngoja, nisikudanganye kwa utamu wa kumbukumbu. Nimeyafuata mambo yao tangu hapo, na si yote yananipendeza. Mwenzako anaishi Tacoma, analipa kodi, angeweza kuitwa vitani, na kura hana, wala hawezi kuketi kwenye baraza la wazee wa mahakama. Akiutaka uraia, aanze na fomu na ada kama wewe uliyetoka Mombasa. Watu wa Puerto Rico walipewa 1917, wa Guam 1950, wao peke yao wameachwa. Mwakilishi wao kule Washington anaweza kusema bungeni lakini kura ya mwisho ya kupitisha sheria si yake. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Jaji mmoja wa Utah akaamua 2019 kwamba ni raia kwa kuzaliwa, mahakama ya rufaa ikalipindua 2021, na Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza 2022. Na serikali ya visiwa yenyewe ilisimama upande wa kupinga! Hofu yao ni kwamba wakiwa raia kamili, mtu atakwenda kortini aseme sheria ya nusu ya damu ni ubaguzi, na ardhi ya ukoo ianze kuuzwa kipande kwa kipande. Hofu hiyo naielewa mpaka mifupani. Na bado mzaliwa wa Pago Pago anayeishi Utah hakuwapa serikali ile idhini ya kumsemea.

Halafu, uchumi. Ardhi isiyouzwa benki haiipokei kama dhamana. Kazi zilikuwa serikalini na jodari, na jodari ni mwajiri mgumu. Mwaka 2007 Washington ikaanza kuwapandishia kima cha chini cha mshahara. Tarehe 29 Septemba 2009 tsunami ikawapiga, watu zaidi ya 30 wakafa, na mara tu baada ya hapo kiwanda kimoja kati ya viwili kikafunga milango kama kilivyokuwa kimetangaza, watu zaidi ya 2,000 wakakosa kazi. Kimebaki kimoja. Vijana wanakwenda jeshini, wanakwenda kucheza mpira wa Kimarekani, wanakwenda Hawaii na California na hapo ulipo. Ardhi ipo, makaburi yapo, wa kuyapaka chokaa wanapungua. Na wale Wasamoa wa upande wa pili, Watonga na Wafilipino waliosafisha samaki viwandani miaka 20 na 30, wao wanazikwa kwenye mlango wa nani? Hilo nilipaswa kumuuliza yule mzee, sikuuliza. Nilikuwa nakula shelisheli.

Mama yako ananiambia nimeandika kurasa nzima na mtoto bado hajajibiwa. Wamedhulumiwa au hawakutaka? Ulimi unaniwasha. Ningekuwa bado na Takaungu ningekujibu kwa neno moja na ningelipigania. Sasa kila nikianza kulisema namwona mwenzako kwenye foleni ya kura akirudishwa, nalimeza. Wala usinichukue kwamba nakuzuia kiapo chako. Katiba ya 2010 inakuruhusu ubaki Mkenya, ada ile ya 2003 ndiyo iliyokufikisha hapo, na sikulipa ili usimame nje ya mlango wa mtu. Kwenu ni pale walipolala wakubwa wenu, lakini kazi yako na watoto wako wako Tacoma, nami silioni la kukuamulia, ingawa nimelitafuta usiku kucha.

Muulize mwenzako kijiji chake. Akitaja Aua, muulize kama bado kuna nyumba karibu na barabara yenye makaburi matatu, moja lina paa. Sasa yatakuwa manne, yule mzee alikuwa mtu mzima sana.

Ijumaa nakwenda Takaungu na mjomba wako, majani yameota. Nipigie baada ya Asri, kwenu itakuwa alfajiri, umetoka zamu. Nitaweka simu juu ya kaburi usome Fatiha mwenyewe. Daftari la getini bado lipo. Nitaandika majina mawili.

Baba yako