Picha ya mchezaji na mtawala: maswali ya kuuliza kabla ya kuandika "amemuunga mkono"

Ninyi mnaoanza kazi katika dawati la michezo mtakutana na picha ya namna hii mapema kuliko mnavyodhani. Mchezaji maarufu amesimama kando ya rais, mfalme au mkuu wa jimbo ambaye watu wengi wana hoja naye, wote wawili wanatabasamu, na kabla ya nusu saa kupita mitandao imekwisha kutoa hukumu. Mhariri wa zamu anataka habari, na kichwa cha habari kinachojileta chenyewe ni kwamba fulani amemuunga mkono fulani. Baada ya miaka mingi ya kuhariri habari za aina hii, ushauri wangu ni kwamba picha peke yake haithibitishi kuunga mkono, lakini pia msimruhusu mtu yeyote awaambie kuwa ni picha tu. Jibu halimo ndani ya picha. Limo katika yaliyoizunguka: nani aliyeitoa, aliitoa lini, iliambatana na maneno gani, na kama mchezaji angeweza kukosekana mahali pale bila kuadhibiwa.

Mfano ninaopenda kuanza nao ni wa Mesut Özil na İlkay Gündoğan. Mwezi Mei 2018, Ujerumani ikijiandaa kwenda Urusi kutetea Kombe la Dunia, wachezaji hao wa timu ya taifa, wote wazaliwa wa Gelsenkirchen katika familia zenye asili ya Uturuki, walikutana na Rais wa Uturuki, Recep Tayyip Erdoğan, katika hoteli moja jijini London na kumkabidhi jezi za klabu zao, Özil ya Arsenal na Gündoğan ya Manchester City. Cenk Tosun, wakati huo akiwa Everton, alikuwapo pia, lakini kwa kuwa yeye aliichezea Uturuki hakuna aliyemsumbua sana.

Ukiitazama picha yenyewe huoni bango wala kaulimbiu. Ni wanaume waliovaa suti na jezi iliyoshikwa mbele ya kamera, kama tunavyoona kila wiki. Anza sasa kuuliza maswali ya pembeni. Waliozisambaza picha hizo hawakuwa wachezaji bali chama cha Erdoğan, AKP. Uchaguzi mkuu wa Uturuki ulikuwa tarehe 24 Juni, yaani wiki 6 mbele. Ndani ya Ujerumani waliishi takriban raia milioni 1.4 wa Uturuki wenye haki ya kupiga kura hiyo, na serikali ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku wanasiasa wa nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kampeni katika ardhi yake miezi 3 kabla ya uchaguzi wa kwao. Picha iliyopigwa London iliweza kufika mahali ambapo mkutano wa hadhara usingeruhusiwa. Kuna tena jezi ya Gündoğan, ambayo juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake maneno ya kumtaja Erdoğan kuwa rais wake mheshimiwa na kumtolea heshima. Mtu anaweza kubishana kuhusu maana ya tabasamu, lakini maandishi hayo yalisomeka na yalikuwa na mwandishi. Mwisho, Emre Can, mchezaji mwingine wa Ujerumani mwenye asili hiyohiyo, alialikwa na hakwenda, na hakuna baya lililompata. Kwa hiyo mlango wa kukataa ulikuwepo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila moja linaweza kuthibitishwa kwa simu na kalenda, bila kusoma moyo wa mtu. Hukumu yangu ni kwamba picha zile zilikuwa nyenzo ya kampeni, hata kama wachezaji hawakukusudia kumpigia debe yeyote. Hayo ni maswali mawili, na kosa la wageni wengi katika kazi hii ni kuyachanganya: la kwanza linahusu nia ya mchezaji, la pili linahusu kazi ambayo picha imefanya duniani baada ya kutoka mikononi mwake. La pili unaweza kuliandika kwa uhakika. La kwanza unaliandika kwa kumnukuu mwenyewe. Gündoğan alitoa taarifa mapema, akasema hawakuwa na nia ya kisiasa na kwamba ilikuwa adabu kwa cheo cha urais. Özil alinyamaza hadi tarehe 22 Julai, baada ya Ujerumani kutolewa katika hatua ya makundi, ndipo alipotangaza kujiuzulu timu ya taifa na kueleza kuwa kwake picha ile haikuhusu siasa wala uchaguzi, bali heshima kwa cheo cha juu kabisa cha nchi ya familia yake. Mtu anaweza kutoridhika na maelezo hayo, hasa akikumbuka hali ya hatari iliyokuwa Uturuki tangu jaribio la mapinduzi la Julai 2016 na waandishi wa habari waliokuwa magerezani, akiwemo mwandishi wa gazeti la Kijerumani, Deniz Yücel, aliyekaa kizuizini mwaka mzima hadi Februari 2018. Hata hivyo maelezo hayo lazima yawemo katika habari, tena karibu na juu, si katika aya ya mwisho ambayo msomaji hafiki.

Jambo moja zaidi kuhusu Özil, kwa sababu linawapima na ninyi. Oktoba 2010 Ujerumani iliifunga Uturuki mabao 3 kwa 0 jijini Berlin, Özil akifunga moja, na baada ya mechi Kansela Angela Merkel aliingia katika chumba cha kubadilishia nguo akapeana mkono na kijana huyo aliyekuwa kifua wazi. Mpiga picha wa serikali aliinasa, na picha ikaenea nchi nzima kama ushahidi kwamba watoto wa wahamiaji wamekuwa Wajerumani kamili. Ilikuwa picha ya kisiasa kupita kiasi, ya kiongozi wa chama chenye wapinzani, lakini sijui mhariri hata mmoja aliyeuliza kama Özil anaunga mkono chama cha Merkel. Simaanishi kwamba Merkel na Erdoğan ni sawa. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kuandika "kiongozi mwenye utata", jiulizeni utata huo ni wa nani, kisha utajeni kwa matendo: amefanya nini, lini, kwa ushahidi gani. Sifa bila tendo ni maoni yako uliyoyavalisha sare ya habari.

Suala la kuweza kukataa linastahili mfano wake. Juni 2018, timu ya taifa ya Misri iliweka kambi Grozny, mji mkuu wa Chechnya, jimbo la Urusi linaloongozwa na Ramzan Kadyrov, ambaye vikosi vyake vimelaumiwa kwa miaka mingi na mashirika ya haki za binadamu kwa utesaji na watu kupotea. Mohamed Salah alikuwa akiuguza bega aliloumia katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, hivyo wenzake walipokwenda mazoezini yeye alibaki hotelini. Kadyrov alimfuata hukohuko, akaondoka naye hadi uwanjani na kutembea naye mbele ya mashabiki huku kamera zikifanya kazi. Siku chache baadaye, katika karamu ya kuiaga timu, alimtangaza kuwa raia wa heshima wa Chechnya. Nani aliyechagua Grozny? Si Salah. Kambi huchaguliwa na shirikisho la soka, na mgeni anayefuatwa chumbani na mtawala wa mji ana nafasi ndogo mno ya kusema hapana. Habari nzuri siku ile ilipaswa kuanza na shirikisho: kwa nini walikubali mji huo, na nani alilipia nini. Waliomkimbilia Salah peke yake walimhoji asiyekuwa na mamlaka wakamwacha mwenye nayo.

Vivyo hivyo Juni 2025 wachezaji wa Juventus walijikuta wamepangwa nyuma ya meza ya Rais Donald Trump katika Ikulu ya Marekani, saa chache kabla ya mechi yao ya Kombe la Dunia la Klabu, huku yeye akijibu maswali ya waandishi kuhusu Iran na kuwageukia kuwauliza kama mwanamke angeweza kupata namba katika timu yao. Timothy Weah, Mmarekani, mtoto wa George Weah aliyewahi kuwa Rais wa Liberia, alisema baadaye kwamba waliambiwa lazima waende na hakuwa na hiari. Kijana aliyekulia katika nyumba ya mwanasiasa naye hakuweza kukwepa. Picha za namna hii si ngeni: Mei 1938 wachezaji wa Uingereza walipiga saluti ya Kinazi uwanjani Berlin kwa kuagizwa na wakubwa wao, na picha ile imewaandama wao kuliko walioagiza.

Hapa kwetu mazingira yana sura nyingine, na hapa ndipo wengi wenu mtafanyia kazi. Mgeni rasmi hushuka uwanjani kabla ya mechi, timu mbili zimejipanga mstari mmoja, nahodha anatembea naye akiwatambulisha wenzake mmoja mmoja. Hakuna mchezaji anayeulizwa kama anataka kupeana mkono. Picha hiyo ni ya itifaki, na anayeiandikia kwamba nyota fulani "ameonyesha mapenzi yake" kwa kiongozi anatunga. Swali hubadilika inapoingia fedha. Nchini Tanzania, tangu Februari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba na Yanga walilifunga katika mashindano ya CAF, na mashabiki wakalibatiza "Goli la Mama". Nchini Kenya, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, Rais William Ruto aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kila mmoja kwa ushindi, na akaenda kuwaona mwenyewe. Mchezaji anayepokea fedha hizo na kushukuru mbele ya kamera hajatangaza chama. Mkono mtupu haulambwi, na mishahara ya wengi wao mnaijua. Maswali halali yanaelekezwa kwa mtoaji: fedha zimetoka fungu gani, zilifika lini, na je, picha ileile imeonekana baadaye kwenye bango la kampeni? Ikionekana huko, mtafuteni mchezaji mumwulize kama aliombwa ruhusa. Hiyo ni habari ya pili, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwanza.

Msisahau kwamba hata viongozi huogopa picha. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Muhammad Ali barani Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Sovieti nchini Afghanistan. Ali alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, kwa kuwa kumtumia mwanamasumbwi kujadili jambo la dola alikuona kama dharau. Nyerere alijua kabisa kwamba kuonekana na bingwa yule kungesomwa kama nusu ya kukubali. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, Kenya haikwenda. Basi tusidanganyane kwamba picha haina uzito, kama anayeijua siasa kuliko sisi sote aliikwepa.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa watu wazima katika kazi hii, nao ni kuisoma picha kwa kurudi nyuma. Mwaka 2019 Erdoğan alikuwa shahidi katika harusi ya Özil, na Februari 2025 Özil alichaguliwa kuingia katika halmashauri kuu ya AKP. Wengi waliandika kwamba sasa imethibitika alikuwa kada tangu 2018. Lakini Gündoğan, aliyesimama naye katika picha ileile, aliyeandika maneno mazito kuliko yeye juu ya jezi, aliendelea kuichezea Ujerumani licha ya kuzomewa Leverkusen, na mwaka 2024 alikuwa nahodha wake katika Euro iliyochezwa nyumbani. Picha ilikuwa moja na siku ilikuwa moja, lakini wawili hao wameishia pande mbili tofauti. Ya Özil ya 2025 iandikeni kama tukio la 2025: amegombea, amechaguliwa, hapo neno "anaunga mkono" lina miguu ya kusimamia.

Kwa hiyo, zamu yenu ikifika, andikeni kilichoonekana kwa vitenzi vya kawaida: alikutana, alipiga picha, alikabidhi jezi, alisema. Katika maelezo ya picha tajeni aliyeitoa, kwa jina la chama au ofisi, wala msiandike "mtandaoni" pekee. Tajeni tarehe ya uchaguzi kama upo karibu. Mpigieni afisa habari wa klabu, halafu wakala, na muwaulize maswali mawili mahususi, nani alialika na nani aliridhia picha itoke, badala ya kuwaomba "maoni yao". Wapeni saa za kutosha kujibu. Wakikataa, andikeni kwamba walikataa, na saa mliyowapigia iwekeni katika daftari lenu, kwa sababu kesho asubuhi mtaulizwa.