Jibu: mwanafunzi ataje kwanza yuko kwenye namba zipi

Ndugu uliyeuliza kutoka Bukavu, unatengeneza maktaba ya polinomia (semi kama x² + 1) kwa lugha ya programu ya Python, na bado hujaamua: wanafunzi waandike tu Poly([1, 0, 1]), yaani x² + 1, au kwanza wataje aina ya namba? Wataje kwanza. Nasimamia mazoezi ya aljebra hapa Lubumbashi, na wengi hukwama hapohapo.

Chukua x² + 1. Kwenye namba wiano (namba kamili na sehemu kama 1/2) haivunjiki kuwa vigawo vidogo. Moduli 5, yaani ukibakiza tu masalio ya kugawanya kwa 5, ni (x + 2)(x + 3). Moduli 2 ni (x + 1)². Moduli 3 haivunjiki tena. Maandishi yaleyale, vitu vinne tofauti! Mwanafunzi asipotaja, maktaba itamchagulia kimyakimya, naye hatajua kuna kilichochaguliwa. SageMath, programu ya hesabu aliyoianzisha William Stein mwaka 2005, ilifuata njia ya Magma, programu nyingine ya aljebra: kila kipengele kina mzazi, yaani mkusanyiko kinamotoka, na unamwuliza kwa parent(). Iga hilo, tena uliweke wazi kwenye skrini: "x² + 1, moduli 5".

Kuchanganya ndiko kwenye kazi. Namba kamili ikikutana na moduli 5, ibadilishe bila kuuliza, njia ni moja tu. Moduli 5 na moduli 3 zikikutana, kataa, na ujumbe wa kosa utaje pande zote mbili. Sehemu kama 1/2 isiingie moduli 5 yenyewe; anayeitaka aombe waziwazi, apewe 3, kwa kuwa 2 × 3 = 6, yaani 1. Ukiziruhusu zote ziingie hivihivi, 1/5 itakuangusha, maana moduli 5 haina pa kuiweka.

Halafu kuna Python yenyewe. Mtu akiandika 1/2*x, Python inagawanya kwanza, wewe unapokea 0.5 na sehemu imeshapotea. Kataa desimali kabisa, umwelekeze aandike x/2, ambayo inapita mikononi mwako tangu mwanzo.

Alama ^ ni mbaya zaidi. Kwenye Python si kipeo, hulinganisha namba biti kwa biti, kwa hiyo 2^3 ni 1, bila onyo lolote. Utatamani kuifanya iwe kipeo kwenye polinomia zako. Usifanye hivyo, nakusihi: Python huitekeleza baada ya kujumlisha, kwa hiyo x^2 + 1 itasomwa x^(2 + 1), na jibu litakuwa x³. Itoe kosa linalosema "tumia **". Nimemwona kijana akipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa kutafuta kosa la namna hiyo, na daftari lilikuwa sahihi.