Maswali ya Wasomaji: Wale wazee wa kibandani wanalinda nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ninapotembea ufukweni hupita karibu na kibanda chenye madirisha mapana, ambamo wazee wawili waliovaa sare hushinda na darubini wakiitazama bahari. Nimeambiwa kuwa hawalipwi chochote. Katika zama hizi za setilaiti, macho yao yana faida gani? Na je, mimi mzaliwa wa Tanga, ambaye sijawahi kuwa baharia, naweza kujiunga nao?
Msomaji, Cornwall

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea hicho ni kituo cha National Coastwatch Institution, taasisi ya hisani iliyoanzishwa mwaka 1994. Miaka ile vituo vingi vidogo vya walinzi wa pwani wa serikali vilikuwa vimefungwa, kwa kutegemea kwamba aliye taabani ataomba msaada kwa redio. Wavuvi wawili wakafa maji karibu na rasi ya Lizard, chini ya kituo cha Bass Point kilichokuwa kimefungwa muda si mrefu kabla ya hapo. Watu wa hiari wakakifungua tena, na leo vituo vya namna hiyo vimezidi 50 katika pwani za England na Wales.

Kuhusu setilaiti, ni kweli kwamba meli kubwa na meli za abiria hufungwa mtambo wa AIS, unaotangaza jina la chombo, mahali kilipo na mwendo wake. Lakini mwogeleaji, mwenye kayaki na mwenye boti ndogo ya matembezi hawalazimiki kuwa nao, na rada nayo hupata tabu kuibagua boti ya mbao na mawimbi yanayoizunguka. Simu ikilowa, mtu huyo hana tena njia ya kusema kwamba anazama. Hapo ndipo linapohitajika jicho la mtu aliyezoea kipande kile cha bahari, anayejua mahali mkondo unapokaza maji yanapokupwa, na anayeshtuka boti inapokaa pasipo na sababu ya kukaa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi yao kubwa zaidi ni ile isiyoonekana na mpita njia, yaani daftari la zamu. Humo huandikwa vyombo vinavyopita, saa na uelekeo wake, pamoja na hali ya hewa na ya bahari. Chombo kilichopoteza nguvu katika mkondo wa noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa, huweza kusogezwa maili 6 za baharini kwa saa tatu, na eneo la kutafutwa hupanuka kila dakika. Mstari mmoja unaosema kwamba boti ya buluu yenye watu wawili ilionekana ikiizunguka rasi saa nne na dakika kumi asubuhi huwapa waokoaji mahali pa kuanzia.

Wao wenyewe hawaingii baharini. Wakiona hatari huwaarifu Walinzi wa Pwani wa serikali, ambao ndio wenye mamlaka ya kuagiza helikopta au kuomba boti za uokoaji. Vilevile hujibu mabaharia kwenye chaneli 65 ya redio ya VHF, kuhusu hali ya bahari au kujaribu redio, ingawa wito wa dharura ni wa chaneli 16.

Kuhusu kujiunga, ubaharia si sharti. Utafundishwa kusoma chati, kutumia redio na kuandika daftari, kisha utapimwa kabla ya kukabidhiwa zamu. Kinachotakiwa ni macho mazuri, masikio yanayosikia vyema na uvumilivu wa kukaa saa kadhaa bila kuchoka kutazama. Kulelewa Tanga, mahali ambapo ngalawa na mashua hutoka kila siku bila mitambo hii, huenda kumekupa hisia ya bahari ambayo wengi huanza bila kuwa nayo.

Bisha hodi kibandani siku bahari ikiwa shwari, kwani vituo vingi hupokea wageni. Na kama wewe mwenyewe utaona mtu yuko hatarini majini, usikimbilie kibandani kwanza: piga 999 na uombe Coastguard.