Kusumbua ni neno moja kwetu, kwa Kiingereza ni mengi

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi nilimwandikia barua pepe msimamizi wetu aliyekuwa Uingereza. Alikuwa ameniuliza kuhusu hesabu za mradi, na swali lile lilinikosesha usingizi kwa kuwa sikuwa na stakabadhi zote. Nikafungua kamusi, nikaona "annoy" limefasiriwa kuwa kusumbua na kuudhi, nikaandika: "Your question annoyed me very much." Jibu lilifika jioni ile ile, mistari miwili ya kuniomba radhi, bila ile salamu aliyozoea kuanza nayo. Nilikuwa nimemwambia kwamba swali lake limeniudhi. Ilichukua muda kurudisha maelewano yetu, na tangu hapo nimeyachunguza maneno haya kwa makini, kwa sababu kosa la aina hii lina hatari yake: msomaji hatambui kwamba umekosea lugha, bali huamini kwamba ndivyo ulivyokusudia.

Kwetu neno kusumbua lina nafasi kubwa. Mtoto husumbua, gari husumbua, mguu humsumbua bibi, deni humsumbua mtu usiku kucha, na mgeni akibisha hodi huomba samahani kwa usumbufu. Kwa hiyo, kabla hujaifungua kamusi, jiulize aliyesumbuliwa amepatwa na nini hasa. Ikiwa amekasirika, neno ni "annoy". Ikiwa anaogopa litakalotokea, ni "worry". Ikiwa amekatizwa usingizi au shughuli, ni "disturb". Na ikiwa amebebeshwa mzigo, ni "trouble", au "bother" mzigo ukiwa mdogo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalitumia mno "disturb". Mtu akisema "my leg is disturbing me" ataeleweka Dar es Salaam na Nairobi, lakini daktari wa London angetarajia kusikia "bothering me" au "giving me trouble". Tena "disturbing" likisimama kama sifa hubeba uzito mwingine kabisa, wa jambo la kutisha au la kufadhaisha moyo. Ukimwambia mzazi wa Kiingereza kwamba tabia ya mwanawe darasani ni "disturbing", ilhali mtoto anapiga kelele tu, utamtia hofu kubwa bila sababu.

Neno ninalolipenda zaidi kulifundisha ni "worry", kwa sababu asili yake hulifanya lisisahaulike. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kukaba koo, baadaye likatumika kwa mbwa anayemkamata mnyama shingoni na kumtikisa, na maana hiyo haijafa: sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa inalitumia neno hili hili kwa mbwa anayewashambulia au kuwakimbiza kondoo. Hata "anxious" limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana na kukaba. Wasiwasi wetu, tulioupokea kutoka Kiarabu, asili yake ni mnong'ono. Kwa Waingereza hofu hii hukaba koo, kwetu hunong'ona sikioni. Nami tangu nilipolijua hilo sijawahi tena kuchanganya "worry" na hasira.

Kuhusu "trouble", kuwa mwangalifu na "in trouble". Ukisema ndugu yako yuko kwenye shida, Mswahili atadhani amepungukiwa fedha au ameuguliwa; ukisema "my brother is in trouble", wengi watataka kujua amefanya kosa gani, au anatafutwa na nani. Kwa kawaida neno hili halihesabiwi, kwa hiyo usiseme "a trouble". Wingi wake upo, na unaweza kuwa mzito sana: mapigano ya Ireland ya Kaskazini, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi makubaliano ya 1998 na kuua watu wapatao 3,500, huitwa "the Troubles". Nalo "bother", ingawa ni jepesi, lina mtego wake: "I can't be bothered" haimaanishi kwamba hutaki kusumbuliwa, bali kwamba unaona uvivu kulifanya jambo lenyewe, na ofisini husikika kama dharau.

Wanafunzi wengi hukwama pia kati ya "annoyed" na "annoying", ilhali Kiswahili kina ufunguo wake tayari. Ikiwa ungesema nimekerwa, kwa kauli ya kutendwa, chagua "annoyed". Ikiwa ungesema mtu anayekera, chagua "annoying". Kipimo hicho hicho kinafaa kwa "worried" na "worrying". Kisha jifunze kila neno pamoja na kihusishi chake: "annoyed with" mtu, "worried about" jambo. Katika barua za kikazi neno lililonifaa kuliko yote ni "concerned about", kwa kuwa linaonyesha kwamba jambo limekugusa, bila kumtupia mtu lawama.

Barua ile ningeiandika leo, ningesema: "I was worried by your question, because some of the receipts are missing." Hapo msimamizi angejua kwamba nina hofu, angejua sababu yake, na pengine angenisaidia kuzitafuta stakabadhi zenyewe.