Wakati au muda: kipi kinachopita?

SWALI: Mwalimu, naandika insha ya kutafakari wakati ni kitu gani hasa. Nimeanza hivi: “Muda ni nini? Je, muda unapita, au sisi ndio tunaopita?” Rafiki yangu anasema kila palipo na “muda” niweke “wakati”. Mimi naona ni neno lilelile. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa sentensi hizo mbili, rafiki yako. Lakini ukimfuata katika insha nzima utaiharibu.

Maneno yote mawili yametoka Kiarabu. Muda umetokana na mzizi wenye maana ya kunyoosha na kurefusha, na maana hiyo haijautoka: muda huwa mrefu au mfupi, hupungua, huongezwa, huisha. Wakati huonyesha jambo limekaa wapi katika mfuatano wa mambo. Huwadia, hufika, huwa uliopita au ujao. Ndiyo maana wanasarufi husema “wakati uliopo” wanapoeleza kiambishi -na-; hakuna asemaye “muda uliopo”. Aliyefika kwa wakati hakuchelewa. Aliyekuja kwa muda hatakaa.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: weka neno mbele ya kitenzi chenye -po-. “Wakati alipofika, mvua ilianza” hutamkika bila kukwaa. “Muda alipofika” huchubua sikio.

Wengi huyachanganya kwa sababu ya sarufi yenyewe. Yote mawili huchukua u-: muda umepita, wakati umepita. Tofauti hujitokeza kwenye wingi, tunaposema nyakati zimepita. Wingi wa muda hausikiki sana, isipokuwa katika “mida ya saa nne”, na hapo, cha kushangaza, msemaji hazungumzii urefu wowote bali wakati. Basi siwezi kukuambia kwamba mpaka huu hauvukwi. “Muda wa kuondoka umefika” husemwa kila siku na hueleweka. Katika insha kama yako, hata hivyo, mpaka huo ndio hoja yenyewe.

Mtakatifu Augustino, mwanafalsafa wa Kikristo wa kale, katika kitabu chake Maungamo, aliuliza wakati ni nini, akakiri kwamba asipoulizwa anajua, ila akitakiwa aeleze hajui. Kisha akauliza swali la pili: tunapimaje urefu wa kilichopita, nacho hakipo tena? Swali la kwanza ni la wakati, la pili ni la muda. Ukitumia neno moja kwa yote mawili, msomaji wako hataona kwamba swali limebadilika. Hata fizikia inauhitaji utengano huu. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba watazamaji wawili, mmoja akiwa katika mwendo kumhusu mwenzake, wanaweza kutokubaliana iwapo matukio mawili yametokea kwa wakati mmoja, na pia kuhusu muda ulio kati ya matukio hayo. Hizo ni tofauti mbili, na Kiswahili kinakupa neno kwa kila moja.

Kwa hiyo andika: “Wakati ni nini? Je, wakati unapita, au sisi ndio tunaopita?” Ukifika pale unapoeleza kwa nini saa moja ya maumivu ni ndefu kuliko saa moja ya furaha, rudi kwenye muda, tena bila woga.

Na kwa kuwa umeuliza nani anayepita, nikuongezee jambo ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi. Itazame tena ile -po-. “Nilipolala” yaweza kuwa mahali nilipolala, au wakati nilipolala. Tunasema “hapo zamani”, “papo hapo”, “huko nyuma”, “siku za mbele”, yote kwa maneno ya mahali. Sentensi yako inauliza kama sisi ndio tunaopita, na kupita ni kupita mahali. Ningekuwa wewe, aya ya pili ningeianzia hapo.