Grise Fiord: oda ya meli kwanza, koti baadaye

Mkuu, unakwenda kufanya kazi Grise Fiord, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Kanada, ukauliza koti, mshahara na intaneti, halafu ukamalizia: "Vyakula nitanunua nikifika Septemba." Hapo nimeshindwa kupita. Usithubutu.

Na mimi nilikwenda hivyo hivyo, na mke na mtoto wa miezi saba, kwa sababu dada wa ofisi ya ajira aliniambia kwa simu, "Duka lipo, msijisumbue kubeba." Kweli lipo. Moja, la ushirika. Hakusema kwamba kijiji hakifiki watu 200, barabara ya kutoka hakuna, na meli ya mizigo huja mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, barafu ikiachia.

Tulitua katikati ya Septemba. Meli ilishaondoka siku tisa nyuma. Gati hakuna, mizigo hushushwa kwa tishari hadi ufukweni, na majirani walikuwa bado wanabomoa makasha ya mbao nje ya nyumba zao: unga, mafuta ya kupikia, nepi, vipuri vya pikipiki za theluji. Sisi tulikuwa na mabegi matatu.

Toka siku hiyo kila kitu chetu kilikuja kwa ndege: Ottawa, Iqaluit, Resolute, kisha kindege kidogo ambacho upepo ukichachamaa hakiruki. Nauli ya gunia la mchele ilizidi bei ya mchele wenyewe. Nepi tulizitoa kwa hesabu. Hadi meli ya mwaka uliofuata nilishalipa zaidi ya dola 6,000 za mizigo, hela niliyotenga kuezeka nyumba ya mama Korogwe. Masika yote yalinyeshea kuta zisizo na bati. Linaniuma mpaka leo.

Nilimpigia yule dada. Akajibu, "Nilidhani unajua." Angenijulisha nani kama si yeye, aliyelipwa kwa kazi hiyo?

Bibi jirani ndiye aliyetuokoa na sufuria ya nyama ya sili. Alinisimulia kuwa wazazi wake walihamishwa na serikali mwaka 1953 kutoka Inukjuak, kijiji cha kaskazini mwa Quebec, kama kilomita 2,000 kusini, wakaahidiwa mawindo tele na kurudishwa baada ya miaka miwili wakitaka. Hawakurudishwa. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Nilinyamaza na shida yangu ya mchele.

Sasa ni Mei, bado unawahi. Piga simu kesho kwa wauzaji wanaofunga makasha ya kaskazini, ulizia mwisho wa oda za meli ya Grise Fiord. Piga hesabu ya miezi 12: mchele, unga, maharage, mafuta, sabuni, nepi. Sembe inunue mwenyewe mjini, uwaombe waifunge kwenye kasha lako. Na gharama ya kasha iandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya simu haipandi melini.

Umeshasaini, au bado?