Swali la lugha: Jaji mwenye upendeleo, au jaji mwenye maslahi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, nyumbani ni Tanga. Kikundi chetu cha kujisomea kinaandika kwa Kiswahili muhtasari wa ile kesi ya California kuhusu ndoa za jinsia moja, ambayo jaji aliyeiamua alikuja kujulikana baadaye kwamba naye ana mwenzi wa kiume. Nimeandika hivi: "Hakimu wa wilaya alidaiwa kuwa na upendeleo kwa sababu ni shoga, akatakiwa ajitoe, lakini hakimu mwenzake akakataa." Mwenzangu mmoja anasema neno si upendeleo, ni ubaguzi. Mwingine anataka kichwa cha habari kiwe "Kesi ya nyani kapewa ngedere". Tumebishana siku mbili. Tusaidie.

JIBU: Marahaba. Niliposoma sentensi yako niliweka kalamu chini, kwa sababu karibu kila neno ndani yake lina kesi yake. Nianze na mkasa wenyewe. Neno huchaguliwa baada ya jambo kujulikana.

Novemba 2008 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 8, kwa asilimia 52 hivi ya kura. Pendekezo hilo liliingiza kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa inayotambuliwa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Wanawake wawili waliotaka kuoana, na wanaume wawili vilevile, wakafungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho San Francisco. Jaji Vaughn Walker alisikiliza mashahidi Januari 2010, peke yake, na tarehe 4 Agosti 2010 akahukumu kwamba Pendekezo la 8 linavunja Katiba ya Marekani. Mwanzoni mwa 2011 akastaafu. Aprili mwaka huohuo akawaambia waandishi wa habari kwamba ana uhusiano wa miaka kumi na mwanamume. Waliokuwa wakilitetea Pendekezo la 8 wakarudi mahakamani kuomba hukumu itenguliwe. Ombi lao lilisikilizwa na Jaji James Ware, naye tarehe 14 Juni 2011 akalitupilia mbali. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikakubaliana naye.

Sasa soma hoja ya waombaji kwa makini, maana hapo ndipo ulipoteleza. Wao wenyewe walisema hawamlaumu Walker kwa kuwa mwanamume anayependa wanaume. Walisema ana mwenzi wa muda mrefu, hakusema kama anataka kumuoa au hataki, na kwa hiyo huenda aliamua kesi ambayo matunda yake angeyala mwenyewe. Hiyo si hoja ya upendeleo. Ni hoja ya maslahi.

Tuyatazame maneno haya mawili taratibu, kwa sababu ubishi wenu wote umelala hapa.

Upendeleo unatokana na kupendelea, na kupendelea kumezaliwa na kupenda kwa kuongezwa viambishi viwili vya kutendea: penda, pendea, pendelea. Umbo hilohilo utaliona katika tupa, tupia, tupilia, lile neno ambalo magazeti hulitumia kila siku mahakama "inapotupilia mbali" ombi. Kiambishi kikirudiwa hivyo, tendo hukolea: mtu anadhamiria, anaelekea huko kabisa. Ndiyo maana upendeleo kwa Kiswahili ni jambo linalofanywa. Mama humpendelea kitinda mimba kwa kumpa paja la kuku mbele ya wenzake. Mwalimu humpendelea mwanafunzi kwa kumwongezea maksi. Ukisema fulani ana upendeleo, msikilizaji ana haki ya kukuuliza: kafanya nini? Kampa nani nini?

Ubaguzi ni tendo vilevile, ila linaelekea upande wa pili. Kubagua ni kutenga, kuweka huyu kando na yule. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inapiga marufuku mtu kubaguliwa na mtu au mamlaka yoyote, kisha inaeleza kubagua ni nini, na maelezo yote yanahusu namna watu wanavyotendewa. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza hakukosea kulileta neno hilo mezani, amelikalisha tu kiti kisicho chake. Ubaguzi ndiyo hoja ya waliofungua kesi, waliosema Pendekezo la 8 linawabagua. Kumwambia Jaji Walker kwamba alibagua kungekuwa kudai aliwatenga watetezi wa Pendekezo hilo, na hilo halikuwa dai lao.

Maslahi ni kitu kingine. Neno limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na suluhu, na kwetu lina maana ya faida au manufaa ya mtu. Mtu anaweza kuwa na maslahi na asitende lolote baya. Maslahi ni hali aliyomo: kiwanja chake kinapakana na kiwanja kinachogombaniwa, ana hisa katika kampuni inayoshtakiwa. Wahenga waliijua hofu hii, wakasema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema amekwisha kuivuta. Walisema tu kwamba ndivyo waamba ngoma walivyo, kwa hiyo mtazame mikono.

Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu, maana kilinifundisha tofauti hii kuliko kamusi. Niliwahi kukaa katika mahakama ya mwanzo, sitaitaja, nikiandika namna watu wanavyosema shaurini. Mzee mmoja mdaiwa alisimama na kofia yake mkononi akasema, "Mheshimiwa, sina imani nawe." Karani akainua kichwa. Wazee wa baraza wakatazamana. Hakimu akauliza kwa upole, "Umeniona nikifanya nini?" Mzee akajibu kwamba yeye hakimu na mdai wanasali kanisa moja. Hakimu akasema nusu ya mji huu inasali kanisa hilo, akaandika kitu, akataka kuendelea. Mzee hakukaa. Akasema, "Na nyumba unayopanga ni ya nani?" Pakawa kimya. Ilikuwa ya mdai. Hakimu akafunga jalada, akasema anajitoa, shauri lipangiwe mwingine.

Ona yaliyotokea. Kanisa lilikuwa hali yake tu, namna alivyo. Nyumba ndiyo iliyokuwa maslahi. Na upendeleo? Haukuonekana hata kidogo, kwa sababu hakimu yule hakuwa amemtendea yeyote jambo. Alijitoa safi. Kujitoa si kukiri kosa, na wanaoandika habari za mahakama wangeliweka hilo akilini kila wanapoandika kwamba hakimu "alazimika kujitoa" kana kwamba kakamatwa.

Basi swali lililokuwa mbele ya Jaji Ware lilikuwa hilihili: kuwa na mwenzi wa jinsia yako ni kanisa, au ni nyumba ya kupanga? Sheria ya Marekani inamtaka jaji ajitoe pale ambapo mtu mwenye busara, anayeyajua mambo yote, angetilia shaka kutoegemea kwake upande wowote. Inamtaka pia ajitoe akiwa na maslahi yanayoweza kuguswa kwa uzito na matokeo ya kesi. Ware akaamua kwamba kesi inayohusu haki za kikatiba za watu wote haimpi jaji maslahi ya pekee eti kwa sababu yeye ni mmoja wa kundi litakalofaidika. Kumdhania hawezi kuamua kwa haki kwa sababu hiyo tu, akasema, si busara. Unaweza usikubaliane naye. Lakini muhtasari wenu lazima uonyeshe kwamba alijibu swali la maslahi na la shaka, wala hakuwa akimsafisha mtu aliyefumaniwa akipendelea.

Nije kwa ngedere.

Msemo huo ni mtamu na nimeusikia tangu utotoni: kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, umekwisha kushindwa. Unafaa pale wakubwa wanapochunguzana wenyewe kwa wenyewe. Hapa nakusihi usiutumie, kwa sababu mbili. Ya kwanza haihitaji mwalimu wa lugha: kuna watu ndani ya msemo huo, na umewaita wanyama. Ya pili ndiyo inayoniuma zaidi kama mtu wa maneno. Msemo umeshahukumu. Unasema udugu wenyewe ndio hila, na udugu ndilo jambo lililokuwa likibishaniwa mbele ya Ware. Kichwa cha habari hicho kinampa ushindi upande ulioshindwa kabla msomaji hajafika mstari wa kwanza.

Tena, ukiufuata msemo huo hadi mwisho, utafika pabaya. Mwaka 1975, New York, mwanamke mwanasheria aliishtaki kampuni kubwa ya mawakili kwa kubagua wanawake. Kesi ikamwangukia Jaji Constance Baker Motley, mwanamke mweusi aliyetetea haki za weusi miaka mingi kabla ya kuwa jaji. Kampuni ikamtaka ajitoe. Akakataa, akaeleza kwamba kama jinsia au rangi ya jaji peke yake ingetosha kumwondoa, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza kesi hiyo. Kweli tupu. Wanaume nao wana jinsia. Na katika kesi ya ndoa, jaji aliyeoa mke naye yumo ndani ya ndoa. Ukisema ngedere asihukumu, utaona msitu mzima hauna aliyebaki.

Kuna jambo moja la Walker ambalo lingefaa liingie kwenye muhtasari wenu. Alipokuwa wakili, aliiwakilisha Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilipowazuia waandaaji wa michezo ya wapenzi wa jinsia moja wasitumie jina la Olimpiki. Rais Reagan alipompendekeza kuwa jaji mwaka 1987, waliompinga ni pamoja na watetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja, waliomwona ni adui yao, na uteuzi ukakwama hadi Rais Bush, yule baba, alipomteua tena mwaka 1989. Mtu mmoja, kushukiwa mara mbili, kutoka pande mbili zinazopingana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba upendeleo utafutwe kwenye matendo.

Mengine nayapitia haraka. "Hakimu wa wilaya" futa kabisa. Kwa Mtanzania, hakimu wa wilaya ni wa mahakama ya chini, na hakimu na jaji si mtu mmoja: jaji anaanzia Mahakama Kuu. Walker aliteuliwa na Rais wa nchi, na hadi mwisho wa 2010 ndiye aliyeisimamia mahakama yake, cheo ambacho sisi tunakiita jaji mfawidhi, na Ware ndiye aliyempokea kiti. Mahakama yao kuwa na neno "wilaya" katika jina lake kusikuponze. (Na usidhani hakimu na haki ni ndugu. Hakimu na hukumu ni wa mzizi mmoja wa Kiarabu, haki ni wa mzizi mwingine. Kiswahili ndicho kilichowapa k moja, wakafanana kama mapacha.)

"Akatakiwa ajitoe" nalo si sahihi. Jaji hujitoa mwenyewe, au upande mmoja wa kesi humkataa, na yote mawili hufanyika kesi ikiwa hai. Kenya wengi husema kujiondoa, ni sawa. Walker alikuwa ameshahukumu na ameshastaafu, asingeweza kujitoa kwenye kitu asichokuwamo. Kilichoombwa ni kutengua hukumu, kwa hoja kwamba alipaswa kujitoa, au walau kuueleza uhusiano wake, tangu mwanzo.

La mwisho ni "shoga". Kwa mama zetu wa mwambao, na wewe wa Tanga unajua, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke: "Shoga, mbona umenitupa?" Neno zuri lenye upendo. Huko mitaani limegeuzwa jina la mwanamume anayependa wanaume, na mara nyingi hutamkwa kwa kudhalilisha. Mwandishi wa muhtasari wa kesi anabanwa na kanuni ileile anayoieleza: asiegemee upande. Ukiandika "shoga", umeegemea, hata kama hukukusudia. Andika alichosema mwenyewe, kwamba ana uhusiano na mwanamume.

Basi, ningekuwa mimi, ningeandika hivi:

"Baada ya Jaji Walker kustaafu na kusema kwamba ana uhusiano wa miaka kumi na mwanamume, watetezi wa Pendekezo la 8 walidai kwamba huenda alikuwa na maslahi katika kesi na alipaswa kujitoa, wakaomba hukumu yake itenguliwe, lakini tarehe 14 Juni 2011 Jaji Ware alilitupilia mbali ombi hilo."

Ni ndefu kuliko yako, najua. Mkibanwa na nafasi, ondoeni tarehe. "Walidai" na "huenda" viacheni palepale vilipo.